Mashini Ilikuwa Inasalimia Tu

Sisi watu wa Bunia hatujui kutoa habari mbaya moja kwa moja. Ukinikuta ninatoka makaburini na udongo bado uko kwenye viatu, ukaniuliza habari, nitakujibu "muzuri". Habari ya nyumbani? Muzuri. Watoto? Muzuri. Hapo ndipo nitashusha pumzi na kusema, "Ila tumetoka kumuzika baba mudogo." Hakuna anayeshangaa. Ile "muzuri" ya kwanza si habari, ni mlango tu unafunguliwa: nimekusikia, umenikuta, tunaweza kuongea. Mtoto wa Mudzipela, mtaa wetu, anajua hivyo kabla hajaota meno. Mashini haijui. Watu wanaoletwa kutoka mbali kuja kutusaidia nao hawajui, na kutojua kwao ndiko kulikoniondolea yaya yangu.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Alikuwa mfanyabiashara wa njia ya Nizi. Alibeba makayabu, wale samaki wa chumvi, pamoja na sabuni na mafuta ya mawese, akawauzia wachimba dhahabu, akarudi na maharagi. Hakujaliwa mtoto, kwa hiyo mtoto wake nilikuwa mimi. Ni yeye aliyenisomesha informatike, elimu ya kompyuta, mpaka nikapata diplome. Watu wa sokoni walimcheka: mwanamke kumsomesha mwanamke mwenzake kuongea na mashini, ni akili gani hiyo? Akawajibu, "Heri aongee na mashini. Nyiye hamusikiaka." Tuliishi pamoja Mudzipela, yeye, mimi na mama yetu, ambaye alikuwa amezeeka na magoti yake hayakumpeleka tena mbali kuliko kanisani.

Vita ya kwanza nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni bariyeri: kamba imefungwa kati ya miti miwili, na vijana wenye bunduki wanauliza majina. Mama alitufundisha kutaja jina la ubatizo tu na kufunga mdomo, kwa sababu jina la ukoo lingewaambia sisi ni watu wa upande gani. Tukapona. Nikadhani mambo ya majina yameisha maishani mwangu. Kumbe! Vita ilirudi nikiwa mtu mzima, vijiji vya Djugu vikaanza kuungua upya, watu wakamiminika mjini na magodoro kichwani, na mimi nikapata kazi mahali ambapo majina yalikuwa yananingoja.

Ofisi ilikuwa upande wa Mbunya, ya shirika moja ambalo sitalitaja, halistahili kutangazwa bure. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, nitasema ukweli hata kama nina hasira. Kwenye vijiji vya kando ya barabara tulikuwa na watazamaji: katekista, mwalimu, mama mmoja mshonaji. Kila alfajiri walituandikia kwa simu walichokiona na walichokisikia. Programu yetu ilipokea maneno yao, ikayapanga, na kabla soko halijachangamka ilituma mesaji kwa wamama wafanyabiashara na kwa wenye pikipiki: njia hii iko sawa, njia ile imefungwa. Ni hivyo tu. Lakini kwa mtu anayepita Iga Barrière, kwenye njia ya Nizi, na mzigo wake, "ni hivyo tu" ilikuwa tofauti ya kurudi na kutorudi.

Yaya alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Halafu akageuka mhubiri. Alizunguka soko zima, meza kwa meza, akiwaambia wamama watoe namba zao. "Ni mudogo yangu anaongea mule ndani," alisema, akiinua simu yake juu. Wakajiandikisha kwa sababu yake, si kwa sababu ya shirika wala ya mabango yake. Kila asubuhi hakufunga mzigo kabla simu haijalia. Mimi nilijua hilo, na nilipokuwa nakaa mbele ya mashini nilikuwa najua ninamfanyia kazi nani.

Sasa nieleze ubaya ulikokuwa. Programu inajengwa kwa vipande vidogo. Kila kipande kina jina, ukikiita kwa jina lake kinafanya kazi yake na kukupa jibu. Sisi tulikiita fonksyo. Fonksyo zikikusanywa pamoja ni maktaba, na maktaba nzuri ni kama kabati la jikoni la mwanamke mwenye mpango: chumvi imeandikwa chumvi, na sumu ya panya haikai kwenye kopo la sukari. Kabati letu lilikuwa limepangwa na watu wawili ambao hawakuwahi kuonana.

Wa kwanza alikuwa kaka mmoja wa hapa hapa, mzaliwa wa Bunia. Alikuta watazamaji wanaandika kama watu wa kwetu wanavyoongea: "Habari ya asubuhi, huku ni muzuri, ila wamechoma nyumba ya jirani na watu wamekimbilia Nizi." Mtu mwingine angekasirika. Yeye alicheka, akasema hawa ni wazazi wetu, mashini ndiyo ijifunze adabu. Kwa hiyo fonksyo zake zilijibu mara mbili. Kwanza zilitoa salamu, "muzuri", maana yake tu kwamba mtazamaji yuko hai na ameandika. Halafu zilitoa habari yenyewe. Zote alizipa majina yanayoanza na habari: habari_njia, habari_soko. Ilikuwa inapendeza, na yeye aliijua. Kisha nyumba ya wazazi wake ikachomwa, akachukua familia akavuka kwenda Uganda, hakurudi.

Wa pili alitoka Butembo, mtoto wa wafanyabiashara, mtu wa haraka haraka. Hakuwa na muda wa salamu. Fonksyo zake zilisema habari moja kwa moja, neno la kwanza ndilo jibu: imefungwa, iko wazi. Mwanzoni alizipa majina ya Kifaransa, etat_route, yaani hali ya njia, na mengine ya namna hiyo, na hapo ungeweza kuzitofautisha. Baadaye aliona majina ya kaka yanapendwa, naye akaanza kuita za kwake habari: habari_axe, na axe kwa Kifaransa ni njia vilevile. Hiyo haikusalimia kabisa. Siku nyingine alichukua fonksyo ya zamani inayosalimia akaipa jina la Kifaransa. Nani atajua? Akapata kazi ya mshahara mnono Goma, akatuacha na kabati lake.

Nilipofika mimi, kulikuwa na habari zinazosalimia, habari zisizosalimia, na etat za aina zote mbili. Huwezi kujua kwa jina. Nilizijua kwa kukaa nazo, kama mama anavyojua ni mtoto yupi akisema "nimeshiba" anasema kweli. Na hiyo si njia ya kujenga kitu ambacho watu wanakipandia pikipiki kwenda porini.

Nikasema. Nilisema kwenye reunio, mkutano wa ofisi, mbele ya watu wote, shefu akiwa amekaa kwenye kiti chake kinachozunguka.

"Shefu, majina ya fonksyo zetu hayafuati sheria moja. Zingine zinasalimia kwanza, zingine zinatoa habari palepale, na jina halikuambii. Nipe nafasi nizipange. Zinazosalimia zote zianze na salamu. Zinazotoa habari zianze na hali. Mtu mupya akija asidanganyike."

"Programu iko inatembea ao haitembei?"

"Iko inatembea kwa sababu mimi niko hapa."

"Basi iache itembee." Akatazama wengine waliokaa mezani. "Mu Djugu batu banakufa juu ya majina, na weye unanisumbua na majina ya mashini?"

Walicheka. Nakumbuka nani na nani walicheka. Nikamwambia, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Akauliza, "Weye ni informatisye ao mwashi?" Wakacheka tena, na mmoja akapiga meza. Kisha shefu akaniambia kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayemfundisha mtoto, kwamba wafadhili hawalipi kubadilisha majina. Wafadhili wanalipa kitu kipya, kitu kinachoonekana kwenye picha. Jina lililonyooshwa halipigwi picha.

Kitu kipya kilikuja kwa ndege kutoka Kinshasa. Alikuwa mtaalamu kijana, amesoma nje, anacheka na kila mtu, na alijifunza haraka kusema "siye" badala ya "sisi" ili tumpende. Tukampenda. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo hilo linaniudhi, kwa sababu mtu mbaya ningemchukia nikatua. Kazi yake ilikuwa kufupisha mesaji za asubuhi, ziwe fupi, njia zote kwenye mesaji moja, ili ziende kwa watu wengi zaidi. Wakati huo huo mimi nikaondolewa kwenye mashini na kupelekwa ukumbi wa komini ya Mbunya, kuwafundisha watazamaji wapya namna ya kuandika.

Nilimwambia kabla sijaondoka. "Kaka, usiguse kitu kinachoitwa habari kabla hujaniuliza."

"Usijali, dada yangu. Majina yenu ni wazi kabisa," alinijibu. "Habari ni habari."

Alikuta sehemu ya mesaji za asubuhi inatumia habari_axe, ile isiyosalimia. Pembeni yake akaona habari_njia, jina zuri zaidi, la lugha ya watu, akaona ni kitu kilekile. Angekuwa mpumbavu kufikiri vingine: majina yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Akaondoa ile, akaweka hii, akachukua neno la kwanza la jibu, na neno la kwanza lilikuwa "muzuri". Akajaribu. Wiki ile njia zilikuwa zimetulia kidogo, kwa hiyo "muzuri" ilikuwa kweli kila mahali. Walimpigia makofi ofisini kwa kufupisha.

Wiki iliyofuata nilikuwa ukumbini na watazamaji wapya, na mesaji iliyolia alfajiri nilipata nafasi ya kuifungua wakati wa mapumziko tu. Nilikuwa nimejiandikisha mimi pia, kama wamama wote. Nikasoma: Nizi muzuri. Komanda muzuri. Mahagi muzuri. Zote muzuri. Yesu wangu! Njia ya Komanda ilikuwa imefungwa tangu usiku, na sasa mji mzima ulijua, hata mwenye kuuza karanga pale nje alijua. Nikajua palepale: hizi ni salamu. Mashini inasalimia mji mzima.

Nilimpigia yaya. Hakukuwa na rezo. Ukishapita Iga simu ni kipande cha plastiki tu. Nikampigia mtaalamu, akaniambia nipunguze sauti, kila kitu kinaenda vizuri, hata yeye amepokea mesaji. Nikamfokea maneno ambayo watazamaji wale, watu wa kanisa, hawakuyategemea kutoka kinywani mwa mwalimu wao.

Asubuhi ile mtazamaji wa upande wa Nizi alikuwa ameandika vizuri kabisa, maskini, kama alivyofundishwa na wazazi wake: "Habari ya asubuhi, huku ni muzuri, lakini watu wenye silaha wametokea barabarani, mtu asipite."

Yaya alirudi jua linazama, kwa miguu, kiatu kimoja, kikwembe kimepasuka mpaka pajani. Walikuwa wamama wawili, yeye na rafiki yake wa meza moja sokoni, kila mmoja na mzigo wake nyuma ya pikipiki yake. Yaya alianguka kwenye shamba la mihogo akatambaa. Rafiki yake hakutambaa. Mama alimletea maji, akayashika bila kunywa, akanitazama mimi.

"Mashini yako ilisema muzuri."

"Yaya, haikuwa habari. Ilikuwa inasalimia tu."

"Ilikuwa inasalimia?"

"Ndiyo. Kuna fonksyo inasalimia kwanza, na yule mugeni hakujua, jina lake linafanana na..."

Akaanza kucheka. Mungu anisamehe, sijawahi kusikia kicheko kibaya namna ile. Alicheka mpaka maji yakamwagika, na mama akaanza kulia, na mimi nikabaki na sentensi yangu haijaisha, sentensi ya majina yanayofanana, katika nyumba ambayo mwanamke ametoka kuona mwenzake anakatwa. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Hakuna hata moja lililokuwa na maana.

Ofisini waliiita kosa la kiufundi. Shefu alilisema hilo kwa Kifaransa, tena mara nyingi, na kila mara alipolisema kosa liliondoka mbali zaidi na yeye. Mtaalamu alilia kwenye reunio, alilia kweli, nikamwonea huruma na nikatamani kumpiga. Na hapo, tazama maajabu, ruhusa ikapatikana! Majina yanaweza kubadilishwa. Hata wafadhili wamekubali, wameyaita mafunzo tuliyoyapata. Nilikaa chini nikazipanga fonksyo zote. Zinazosalimia: salamu. Zinazotoa habari: hali. Nikaandika sheria yenyewe juu kabisa ya maktaba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ili mtu akitoka Kinshasa au akishuka mbinguni aelewe. Kazi hiyo ilikuwa ndogo kuliko reunio waliyoifanya ya kuikataa.

Kuanzia hapo mesaji zilisema kweli. Nasema bila kujisifu: zilisema kweli kila asubuhi. Nilizisoma mwenyewe kabla hazijatoka, nikazilinganisha na maneno ya watazamaji. Hakuna salamu iliyopita tena.

Lakini nani alizisoma? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wamama wa soko walisema mashini ya mudogo wa fulani ilimpeleka mwenzao kufa, na meza ya yule marehemu ilibaki wazi pale katikati kila mtu aione. Yaya alikaa nyumbani kwa muda. Halafu akarudi njiani. Nilimsihi asirudi kabisa. Akaniuliza tutakula ofisi? Alikuwa na haki, mshahara wangu ulikuwa unachelewa kuliko mvua. Basi nikamsihi jambo moja tu, asome mesaji.

"Nisome nini?"

"Yaya, nimezitengeneza. Nimebadilisha majina yote. Sasa haiwezi kusalimia tena, ikisema imefungwa imefungwa, ikisema iko wazi iko wazi."

"Hata ile siku uliniambia iko sawa."

"Si mimi niliyekuambia!"

"Nani? Siye tulijiandikisha juu ya nani? Mimi niliwaambia ni weye unaongea mule ndani." Alikuwa anafunga makayabu kwenye gunia, hakuinua uso. "Mutu akikudanganya unamutazama macho, unamujua. Ile kitu haina macho."

Nikakasirika, nami nina kichwa kigumu kama yeye, tumetoka tumbo moja. Nikamwambia kwamba wale wenye pikipiki anaowaamini wanataka nauli, watamwambia hata jehanamu iko wazi akilipa. Akasema angalau na wao wanaenda huko huko jehanamu, wanamtangulia kwa gurudumu la mbele.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi alishuka mpaka kituo cha pikipiki, akawauliza, akawatazama macho, akaamua. Mara nyingi walimwambia kweli, kwa sababu nao walikuwa wanaogopa. Simu akaanza kuiacha nyumbani, kitandani. Alisema kule njiani ukikamatwa wanafungua simu, wanasoma majina ya watu unaowapigia, na majina hayo yanawaambia weye ni mutu wa nani. Na hilo lilikuwa kweli. Lakini mimi nilijua sababu nyingine pia. Hakutaka kunisikia.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Niliingia ofisini mapema. Maneno ya mtazamaji wa Nizi yalikuwa yameshafika, na salamu zake mbele kama kawaida, na nyuma ya salamu: watu wasipite, barabara si salama, tumesikia risasi. Fonksyo yangu ikayasoma. Jina lake ni hali_njia. Ilitupa salamu pembeni, ikachukua habari, na mesaji ikatoka mbele ya macho yangu: Njia ya Nizi imefungwa. Musiende.

Nikampigia yaya. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikatoka bila kuaga, nikachukua pikipiki, nikamwambia kijana apite kituoni kwao Mudzipela kwanza. Nilishuka kabla haijasimama. Nikawauliza. Walitazamana.

"Ameshaenda, dada. Ameenda na wa kwanza."

"Hamukuona mesaji?"

"Mesaji gani?" mmoja akasema. Kisha akakumbuka ni ipi, akatazama chini. "Aa. Ile."

Nikakimbia nyumbani, sijui kwa nini, labda nilitaka kukuta wenye pikipiki wamenidanganya. Mama alikuwa jikoni anachagua maharagi. Simu ilikuwa juu ya kitanda cha yaya, karibu na mto, na ilipowaka niliona yote mawili: namba yangu ilivyopiga na kupiga, na juu yake mesaji, haijafunguliwa. Ilikuwa na kila kitu ambacho mtu angehitaji kujua. Nikakaa kitandani nikaifungua mimi. Nikaisoma kwa sauti, kama mwendawazimu, mpaka mama akaniuliza naongea na nani.

Walituletea mwili wake kesho yake, umefunikwa na shuka la misheni. Sitaandika alivyokuwa. Mama alimwosha mwenyewe, na magoti yake yale.

Kwenye kilio, pale matangani nyumbani kwetu, walijaa watu, wamama wote wa soko, hata wale waliokuwa wamefuta namba zetu. Siku ya pili shefu alikuja na gari la ofisi, na viatu vinavyong'aa, akapewa nafasi ya kusema kwa sababu kwetu mgeni mkubwa hanyimwi kusema. Alisimama akamsifu yaya, mwanamke wa kazi. Akamwomba Mungu ampokee. Kisha akasema, na ninayakumbuka maneno yake yote:

"Tena ningependa familia ijue kwamba siku ile programu yetu ilitembea muzuri kabisa. Mesaji ilitoka kwa saa yake, na ilikuwa ya kweli. Upande yetu hakukuwa na kosa."

Hakudanganya hata neno moja. Nilisimama. Nilikuwa ninaenda kumshika ule ukosi wake mweupe na kumtoa nje mbele ya wote, na nilikuwa na maneno, ee, nilikuwa nayo tangu siku ile walipocheka. Mama alinishika kikwembe kutoka chini alipokuwa amekaa. Hakuvuta kwa nguvu, hana nguvu.

"Mutu hafukuzwi kwa kilio," alisema. "Umuletee chakula."

Nikaenda jikoni. Nikapakua bugali na sombe la majani ya mihogo, nikaongeza samaki, nikamnawisha shefu mikono kwa birika kama inavyotakiwa, nikapiga goti. Alikula vizuri. Alipomaliza aliomba kidogo tena, nikamwongezea.